Kiti cha Mtoto wa Mwenye Mashine

Mimi nimesoma mpaka darasa la sita, na hata hilo la sita sikulimaliza vizuri. Ninalisema mapema ili usije ukaambiwa na wengine. Pale Kasenga, hapa Uvira, ukitoka shuleni ukafuata barabara inayoteremka upande wa ziwa, utaona nyumba yenye pano za jua juu ya paa na mlango wa buluu. Hiyo ni yangu, na kila kilichomo ni changu, tangu mashine ya kutoa kopi mpaka msumari unaoshika kalenda. Watu wanakuja kupiga picha, kuchapisha barua za ofisi, kuchaji simu. Waliosoma mpaka wakachoka wanakuja na kazi zao za chuo kwenye flashi, wanasimama mlangoni. Ninawaambia, "Ngoja, nitakuita." Na wanangoja.

Nilianza Kavimvira, mpakani, nikibeba mizigo ya kina mama waliovuka kutoka Burundi. Baadaye nikawa mpakiaji wa kamiyo, malori ya kwenda Bukavu, na ninakuambia bila aibu, kwenye barabara ile yote hakukuwa na mtu wa kupakia kamiyo kama mimi. Dereva mwingine alikuwa anakataa kuwasha gari kama si mimi niliyefunga kamba. Kutoka hapo nikanunua kompyuta moja mbovu, nikaifungua, nikaifunga, nikaifungua tena, mpaka ikaona haya ikawaka. Hakuna aliyenishika mkono. Hakuna aliyenipa kitu cha bure. Hayo nimeyasema nyumbani kwangu mara nyingi hivi kwamba watoto wanayajua kama sala ya Baba Yetu.

Sasa, mwalimu wa hesabu wa shule ile alikuja dukani kwangu siku moja baada ya masomo. Ni mwanamke bado kijana, ana sauti ndogo, lakini akisimama mbele ya tablo, ubao wa darasani, wanafunzi hawakohoi. Binti yangu wa mwisho alikuwa darasani kwake. Huko kwetu mwalimu mwanamke tunamwita Madamu, hata mzee mwenye mvi anamwita hivyo.

"Papa," akasema, "kuko konkuru moja ya wanafunzi. Konkuru ya kufikiri."

"Kufikiri? Watu wanashindana kufikiri?"

"Ndiyo, papa. Kufikiri vile kompyuta inafikiri. Si kujua masini, hapana. Ni maswali ya kupanga vitu, kufuata kanuni, kutafuta njia fupi. Mutoto asiyegusa masini hata siku moja anaweza kushinda."

"Basi muniandike mimi."

Akacheka, akashika mdomo. Kisha akanieleza shida yake. Maswali yanajibiwa kwenye kompyuta, na shule ilikuwa na moja tu, ya sekretari, ambayo prefe, mkuu wa shule, haruhusu mtu aiguse hata kwa kuipangusa vumbi. Wenye konkuru walikubali wanafunzi wanne kwa kila shule. Alitaka mahali pa kuwazoeza, na siku yenyewe ikifika, mahali pa kuwakalisha.

Nilimwambia, "Madamu, umefika. Hapa ndiyo mwisho wa safari yako." Nikamwonyesha kompyuta zangu, moja moja, na historia ya kila moja. Alisikiliza zote. Ana heshima yule mwanamke.

Tukapatana kwamba Jumamosi, watu wakishapungua, duka litakuwa la wanafunzi. Nikachonga mabenchi mawili mapya kwa mkono wangu. Fundi wa mbao jirani alikuja kuyakagua akasema mguu mmoja umepinda. Nikamwambia aukalie. Akaukalia, haukuvunjika, akaenda zake.

Walikuja kundi zima, kwa sababu Madamu hakutaka kuchagua kabla ya kuwaona. Walijaa mabenchi, wengine wakakaa chini. Binti yangu alikaa nyuma, karibu na mlango, kama mgeni. Nilimwita aje mbele. Akatikisa kichwa. Yeye ni mtoto wa maneno machache. Watu wanauliza alimrithi nani, na mama yake anajibu kwamba alimrithi yeyote isipokuwa baba.

Jumamosi ya kwanza Madamu alichora tabloni robine ya maji, kama ile ya chini pale ambapo wanawake wa avenyi yetu wanateka. Mbele ya robine, watu watano wamesimama na mabido yao, madumu ya maji. Kijana mmoja ana bido moja. Msichana ana mbili. Mama mwenye mtoto mgongoni ana tatu. Fundi ana nne. Na mama mzee mwenye fimbo, aliyefika wa kwanza kabisa, ana tano. Chini yake akaandika kanuni: mwenye mabido machache anateka kwanza. Swali: nani atateka wa mwisho?

Wanafunzi wakaandika. Madamu akakusanya, akasoma.

"Karibu wote mumeandika kijana," akasema. "Juu ya nini kijana? Sababu gani?"

Mvulana mmoja mrefu akasimama. "Madamu, yeye iko na nguvu. Anaweza kungoja."

"Na mama muzee?"

"Mama muzee anateka wa kwanza! Nani atamupita?"

"Kanuni inasema nini?"

Kisha msichana mmoja wa Luberizi, mtoto wa wakulima wa mpunga aliyekuwa anakaa Kasenga kwa shangazi yake kwa ajili ya masomo, akasema polepole, "Madamu, minye ninaona kanuni. Lakini nikimupita mama muzee kwenye robine, shangazi atanipiga."

Duka zima likacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Nikatoka nyuma ya meza yangu. "Madamu, mutoto amesema kweli. Swali hili halina adabu. Aliyelitunga hakulelewa. Mama mzee na fimbo yake, na jua hili la Uvira, umwache mpaka mwisho? Hata kompyuta ingeona haya."

"Papa," Madamu akasema kwa ile sauti yake ndogo, "kwenye robine ya kweli ningemupisha mbele, na mabido yake ningemubebea. Lakini hapa wanatuuliza tu kanuni iliyoandikwa inatupeleka wapi. Tunaongeza kanuni yetu ambayo haiandikwi, kisha tunashangaa juu ya nini tumepotea." Akawageukia wanafunzi. "Musiongeze kitu. Musipunguze kitu. Mukiona swali, muulize kwanza: wameniambia nini, na nini nimekileta mwenyewe kutoka nyumbani?"

Nilirudi kwenye kiti changu. Sikukubali, na mpaka leo ninaona yule mama mzee alionewa. Lakini nilimwona binti yangu kule nyuma anaandika maneno yale.

Jumamosi zilizofuata zilikuwa nzuri. Ukipita nje ungesikia mabishano kama ya sokoni, lakini wanabishana juu ya mdudu anayetembea kwenye miraba, anayejua kwenda mbele na kugeuka kulia tu, na ambaye lazima afike kwenye jani lake. Wateja wangu walianza kukawia makusudi. Mchuuzi mmoja wa mafuta ya mawese alisimama mlangoni na kibuyu chake akaeleza njia ya mdudu kwa kidole, akakosea, wanafunzi wakampigia kelele, akaondoka akisema mdudu mwenyewe hana akili.

Siku moja lilikuja swali la masanduku yaliyopangwa moja juu ya jingine, na la chini linatakiwa kutoka. Wanafunzi walikwama. Hapo nilishindwa kuvumilia. Nilisimama nikasema, "Madamu, ruhusu mtu wa kazi aseme."

Akaruhusu. Niliwatoa nje wote. Nikachora mavumbini tumbo la kamiyo, mlango wake upande mmoja. Nikachukua ndoo, beseni, mfuko wa chumvi, gunia tupu. "Hii ya Sange. Hii ya Luberizi. Hii ya Kamanyola. Hii ya Bukavu. Kamiyo inatoka Uvira. Mnapakia nini kwanza?"

"Ya Sange!" akasema yule mvulana mrefu. "Ndiko tunafika kwanza."

"Vizuri. Sasa umefika Sange, mzigo wa Sange uko wapi? Uko kule ndani, chini ya Bukavu nzima. Utashusha kamiyo yote barabarani, mvua inanyesha, dereva anakutukana wewe na ukoo wako. Pakia Bukavu kwanza, kule mwisho. Sange inaingia ya mwisho kwa sababu inatoka ya kwanza."

Walipakia, wakashusha, wakapakia tena. Yule msichana wa Luberizi aliuliza, "Na kama njiani Luberizi wanatupa muzigo mwingine wa kwenda Kamanyola?" Nikamtazama. Wapakiaji wengi wamefanya kazi miaka wasiulize hilo. Nikamwambia, "Weye, ungekuwa mwanaume ningekuchukua kwenye kamiyo." Akajibu, "Papa, hata mwanamke anaweza kupakia," na wasichana wakapiga makofi.

Madamu alisema kwamba hiyo ndiyo yenyewe, kwamba kompyuta nazo zinaweka vitu hivyo hivyo, kinachoingia mwisho kinatoka kwanza.

"Mmesikia?" nikawaambia. "Miaka yote ile nilikuwa ninafanya informatiki."

"Ulikuwa unapakia kamiyo, papa," Madamu akasema, na wote wakaanguka kwa kicheko. Nilicheka pia. Mtu aliyefanikiwa anaweza kuchekwa, haimpunguzii kitu.

Ikakaribia siku ya kuchagua wanne. Madamu alikuja mwishoni mwa Jumamosi moja, akasimama mbele ya wanafunzi, akasema kwamba wiki inayofuata angetoa mtihani shuleni kuchagua watatu. Watatu, kwa sababu nafasi moja imekwisha kujulikana. Ni ya binti wa papa, aliyetupokea hapa nyumbani kwake, na tunamshukuru.

Hakuna aliyeshangaa. Kwetu ndivyo ilivyo. Ukikopesha uwanja wako kwa harusi, mtoto wako anakaa karibu na maharusi. Ukitoa ng'ombe, hukosi nyama ya kifuani. Wanafunzi walipiga makofi, nami nikasimama nikainamisha kichwa kidogo, kama watu wakubwa wanavyofanya. Moyoni nilikuwa nimeshiba. Jioni ile nilimwambia fundi wa mbao, nikamwambia mwenye duka la dawa, nikamwambia padri wetu. Niliwaambia binti yangu atashindana kufikiri na nchi nzima.

Nyumbani nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Papa, minye sitaki ile kiti."

"Kiti gani?"

"Ile Madamu amenipa. Sitaki. Nitafanya mtihani na wengine."

Nikakaa. "Unajua wako wangapi? Ukifanya mtihani unaweza kukosa."

"Ninajua."

"Sasa unataka nini? Unataka kukosa?"

"Ninataka ile konkuru sana, papa. Kuliko kitu chochote mwaka huu." Hapo aliinua kichwa, na nikaona alikuwa amelia, lakini zamani kidogo, machozi yalikwisha kukauka. "Usiku ninalala na maswali. Lakini nikikaa pale kwa kiti ya bure, hata nikishinda, watasema masini ni za baba yake. Na minye mwenyewe sitajua. Nitajua aje?"

"Watu waseme. Watu walisema mimi nitakufa chini ya gunia."

"Madamu alisema tusiongeze kanuni isiyoandikwa. Kanuni inasema wanne wanaopita mtihani. Haisemi mutoto wa mwenye nyumba anapita mbele."

Nikamwambia kwamba hayo ni ya robine. Akasema ni yale yale. Nikapandisha sauti, nikamweleza kamiyo, mpaka wa Kavimvira, kompyuta mbovu, usingizi niliokosa, vyote ili yeye apate kiti bila kusukumana. Mke wangu alikuwa anakoroga sombe, kisamvu chetu. Hakuacha kukoroga.

"Weye ulipewa nini bure?" akaniuliza.

"Hakuna!"

"Na unajisifu na hiyo kila siku."

"Ninajisifu, na nina haki."

"Basi mutoto naye anataka cha kujisifu. Ni wako yule. Sasa umeona alimurithi nani."

Nilikula kwanza. Mtu asiamue jambo na njaa.

Kilichobaki ni kwamba nafasi ilitolewa kwa heshima yangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyepaswa kuirudisha. Mtoto angeikataa mwenyewe, ingekuwa matusi kwa Madamu. Jumapili baada ya misa nilimkuta nje ya kanisa na kitenge chake kizuri, nikamwambia bila kuzunguka, "Madamu, ile nafasi ya binti yangu, iondoe."

Uso wake ukabadilika. "Papa, tumekukosea?"

"Hapana."

"Ni wanafunzi? Waliharibu masini? Ile kibodi, nilimwambia yule murefu asile karanga juu yake..."

"Madamu, hapana. Duka ni lenu. Mabenchi ni yenu. Binti anataka kufanya mtihani kama wengine, ndiyo tu."

Akaniangalia. "Na papa anataka?"

"Papa hataki," nikasema. "Lakini ndiyo nimekuja kusema."

Akainama kidogo, akanishukuru kwa mikono miwili. Nikarudi nyumbani kwa miguu ingawa pikipiki yangu ilikuwepo pale. Sijui kwa nini. Nikamtuma mtu aifuate.

Mtihani waliufanya shuleni, mbali na duka langu, ili asiwepo wa kusema neno. Wiki ile nilikuwa mtu mzuri sana nyumbani. Sikuuliza kitu. Mke wangu alisema nyumba imekuwa kimya kama ina mgonjwa.

Majibu yalipotoka, binti alipita dukani na mkoba wake begani. Kulikuwa na wateja. Alingoja wapungue, kama wangojavyo wengine.

"Nimekuwa wa tano," akasema.

Wanne wanaingia, na yeye wa tano. Nilihisi mikono yangu inatafuta kitu cha kubeba. Nikauliza wa nne ni nani. Akasema ni yule wa Luberizi. Walitofautiana kwa swali moja, la daraja na wasafiri, ambalo yeye alilikimbilia na mwenzake akalirudia mara ya pili kabla ya kutoa karatasi.

"Nitaenda kuongea na Madamu."

"Papa."

Neno hilo moja tu. Nikakaa. Akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka mama yake alipomfuata. Mimi nilibaki na kopi zangu. Nilitoa kopi za mtu mmoja zote upande mbaya, nikazirudia kwa gharama yangu.

Jumamosi Madamu alikuja na wale wanne, lakini walikuwa watatu. Wa Luberizi hakuonekana. Tulingoja. Mvulana mrefu ndiye aliyesema, akitazama miguu yake, "Hatakuja, papa. Anasema hawezi kukalia masini ya papa na mutoto wa papa iko nje. Anasema atakuangalia na macho gani?"

Madamu akanitazama. Angekosa yule msichana, wa tano angeingia. Kanuni iliyoandikwa ilisema hivyo, na hakuna ambaye angenyoosha kidole. Nilikuwa na haki yote mkononi, kama mtu aliyeokota kitu barabarani na mwenyewe amekwisha kupita.

Nikamgeukia binti yangu. Alikuwa amekuja kupanga mabenchi, kwa kuwa ni kazi yake ya Jumamosi. Yeye naye alikuwa ananitazama, na nilijua anangoja kuona baba yake ni mtu wa namna gani. Si jambo la kupendeza, kutazamwa hivyo na mtoto uliyemlipia shule.

"Panda pikipiki," nikamwambia. "Unapajua kwao?"

Shangazi wa yule msichana anauza ndagala, dagaa wa ziwani. Tulimkuta uani anazigeuza kwenye mkeka, na aliponiona alinyanyuka akapangusa mikono, akaanza kuomba radhi kabla sijashuka.

"Papa, mutoto alinieleza yote. Nilimwambia amefanya vizuri kubaki. Mu nyumba ya watu, mbele ya mutoto wao, atakaa aje? Sisi ni watu wa adabu."

"Mama," nikasema, "unanijua mimi?"

"Nani asiyekujua, papa?"

"Basi sikia. Mimi ninavyo viti vya kutosha. Mtu kama mimi hawezi kuhesabu kiti. Hicho kimoja mtoto wako alikipata kwa kichwa chake. Asipokuja kukikalia, watu watasema mimi ndiye nilimfukuza ili wangu aingie. Unataka kuniharibia jina Uvira nzima?"

Shangazi akashtuka. "Hapana, papa! Mungu anisaidie!"

Msichana alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko. Kitenge chake kilionekana. Binti yangu akaenda huko. Nilimsikia anasema, na sauti yake haikuwa ile ndogo ninayoijua:

"Weye, unanishinda kisha unanikimbia?"

"Sikimbii."

"Unakimbia. Kesho ukiwa umebaki hapa na ndagala, nitaambia darasa lote nilikuwa wa ine, si wa tano. Nitasema daraja nililivuka vizuri, ni weye ulianguka mu maji."

"Mwongo!"

"Basi kuja useme minye ni mwongo. Kuja uniambie pale kwa masini. Na ulete ndagala, papa anapenda."

"Sijasema napenda ndagala," nikasema kutoka uani, na wote wawili wakacheka kule nyuma kwa namna ambayo wazee hawaingilii.

Alikuja. Walikaa wawili nyuma yangu kwenye pikipiki, na mfuko wa ndagala mbele juu ya tanki, maana shangazi hakukubali tuondoke mikono mitupu. Madamu alipotuona tunashuka alijishughulisha kufuta tablo ambayo ilikuwa safi.

Siku ya konkuru ilikuwa na mawingu, nami niliamka mapema nikapanda juu ya paa nikapangusa pano zote. Nikaazima betri nyingine ya yule mwenye duka la dawa. Mtandao, ambao huwa una tabia zake, ulikubali. Wale wanne wakakaa, kila mmoja na mashine yake, wa Luberizi kwenye ile kompyuta yangu ya pili, iliyo bora kuliko zote. Nikafunga mlango wa buluu, nikatoa benchi nje, nikakaa hapo kuzuia wateja. Binti yangu akakaa pembeni yangu na karatasi ya maswali ya zamani. Alikuwa anaitafuta njia ya wale wasafiri wa daraja, akifuta, akianza tena. Mwaka unaokuja bado atakuwa na umri unaokubaliwa. Alikwisha kumuuliza Madamu.

Akaja mtu mmoja wa ofisi, anataka picha haraka.

"Kumefungwa," nikamwambia. "Kuna watoto wanafikiri."

"Wako wa kwako mule?"

"Wa kwangu ni huyu hapa."

Akamtazama binti, akatazama mlango, akatazama pano juu ya paa. "Lakini masini si zako?"

"Zangu zote."

"Na mabenchi?"

"Nilichonga mwenyewe."

"Sasa mutoto iko nje juu ya nini?"

"Alikuwa wa tano, wanaingia wanne," nikasema, na nikajinyoosha vizuri kwenye benchi. "Unamjua mtu mwingine hapa Uvira ambaye mtoto wake amekosa kiti ndani ya nyumba ya baba yake mwenyewe? Niambie mmoja. Tafuta mpaka Kavimvira."

"Papa," binti yangu akasema bila kuinua macho kwenye karatasi, "shusha sauti. Wanasoma swali."

Nikaishusha. Lakini si sana, kwa sababu yule mtu wa ofisi alikuwa bado amesimama, na nilitaka asikie vizuri.